Heshima ya Mkono: Je, Nyota wa Pop Anaweza Kuheshimiwa kama Mpiga Gitaa wa Bluzi?

Swali la makala haya sikulitoa kitabuni. Nililipata nyumbani Chienge wakati wa likizo, usiku mmoja usio na mwezi. Taa za wavuvi wa chisense zilikuwa zimetapakaa juu ya Ziwa Mweru, nasi tulikuwa tumekaa nje ya nyumba ya bayama, ndivyo tunavyomwita mjomba kwa Kibemba. Binamu yangu alikuwa anapiga muziki kwenye simu. Bayama akauliza ni nani huyo anayepiga gitaa.

"Ni John Mayer, ba tata," binamu akamjibu baba yake. "Mpiga bluzi wa Marekani."

Mimi nikadakia kwamba huyo si mpiga bluzi hata kidogo. Ni mwimbaji wa pop, kijana mwenye sura nzuri aliyepata utajiri kwa nyimbo za mapenzi. Bayama amepiga gitaa la kujitengenezea, tunaloliita banjo, tangu ujana wake, na nyuzi zake ni waya za breki ya baiskeli. Sikutegemea kwamba angemtetea nyota wa redioni, na kweli hakumtetea. Alitoa methali aliyorudi nayo kutoka Lubumbashi pamoja na Kiswahili chake: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikahisi nimeshinda.

Leo sidhani kwamba nilishinda. Nilipomaliza kusikiliza vizuri, niligundua kwamba hoja yangu ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, nilimhukumu mpiga gitaa kwa wasikilizaji wake badala ya mkono wake. Pili, kama ningeitumia hoja hiyo kwa haki bila kubagua, ningemtupa nje hata mpiga gitaa ambaye sisi wa pande hizi tunamheshimu kuliko wote, yaani Mwenda Jean Bosco. Katika makala haya nitaonyesha kwamba nyota wa pop anaweza kupata heshima ya gitaa, ila heshima hiyo ni ya namna mbili, na moja kati ya hizo haitafutwi kwa kupiga gitaa tu.

Nianze na mshtakiwa mwenyewe. John Mayer alizaliwa mwaka 1977 katika jimbo la Connecticut. Albamu yake ya Room for Squares ilitoka mwaka 2001, na wimbo mmoja uliomo, Your Body Is a Wonderland, ulimpatia tuzo ya Grammy mwaka 2003 kama mwimbaji bora wa kiume wa pop. Kwa watu wengi huyo ndiye Mayer mwanzo hadi mwisho. Kisha mwaka 2005 akafanya jambo lililowashangaza mashabiki. Aliunda kundi la watu watatu, yeye kwenye gitaa, Pino Palladino kwenye besi na Steve Jordan kwenye ngoma, wakatoa albamu ya jukwaani iitwayo Try!. Mwaka huohuo B.B. King, mzee wa bluzi aliyekuwa ametimiza miaka themanini, alimshirikisha katika albamu yake iitwayo 80. Mwaka 2006 ikafuata Continuum, ambayo ndani yake Mayer alirudia wimbo wa Jimi Hendrix.

Wanaomkataa wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Bluzi ni muziki uliozaliwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya wengine. Kijana mzungu tajiri hawezi kuamka asubuhi moja akavaa suti, akaazima gitaa la bluzi na kudai kiti cha wazee. Tena kuna desturi katika muziki huo kwamba anayetaka bluzi ya kweli aachane kwanza na pop. Mwaka 1965 Eric Clapton aliihama bendi ya Yardbirds alipoona imegeukia pop, akajiunga na John Mayall. Tangu hapo imekuwa kama sheria kwamba nyumba hizi mbili hazina mlango wa kupitia kati yake, na ukitaka kuingia moja lazima uitoke nyingine.

Hata hivyo, Mayer hakuitoka nyumba ya pop. Mwezi wa Desemba mwaka 2007 alifanya onyesho mjini Los Angeles ambalo lilitolewa mwaka uliofuata kwa jina la Where the Light Is. Naliona onyesho hilo kuwa ushahidi bora kuliko mabishano yote, kwa sababu usiku mmoja tunamwona akiwa watu watatu. Kwanza anapiga gitaa kavu, kisha anapiga bluzi na kundi lake la watatu, na mwisho anasimama na bendi kubwa kama nyota.

Katika sehemu ya gitaa kavu anapiga Neon. Wimbo huu si bluzi. Unatoka kwenye albamu ileile ya mwaka 2001 iliyombandika jina la mwimbaji wa wasichana. Lakini tazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba kinapiga besi kwa nguvu kama mtu anayegonga ngoma, kidole cha shahada kinavuta nyuzi za juu katikati ya mapigo hayo, na sauti inaimba juu ya yote mawili kana kwamba haihusiki. Mtu mmoja anafanya kazi ya watatu. Kwa hiyo anayesema kwamba Mayer aligeuka mpiga gitaa mwaka 2005 hakusikiliza vizuri mwaka 2001. Mkono ulikuwepo tangu mwanzo, ila kelele za mashabiki zilikuwa juu yake.

Katika sehemu ya pili anatangaza bluzi waziwazi, na anaanza na Everyday I Have the Blues, wimbo uliojulikana sana kwa B.B. King. Hapa mimi, niliyekuja kumtetea, nakwama kidogo. Vidole vyake ni vyepesi mno na hakosei. Lakini nasikia ndani yake sauti za watu wengine, hasa Stevie Ray Vaughan, aliyempenda tangu utotoni. Ananikumbusha mwanafunzi anayekariri shairi la mshairi mkubwa mbele ya darasa. Anatamka kila neno sawasawa, na bado unajua kwamba shairi si lake.

Kisha katika sehemu ya tatu, akiwa amerudi kwenye unyota wake, anapiga Gravity. Wimbo ni wa polepole. Noti ni chache, na kati ya noti na noti anaacha nafasi ambayo mpiga gitaa mwenye wasiwasi angekimbilia kuijaza. Anaivuta noti moja, anaiacha ifie yenyewe, ndipo anaileta nyingine. Hukumu yangu basi ni hii: Mayer yuko karibu zaidi na bluzi pale asipojitangaza kuwa mpiga bluzi. Suti na kundi la watatu vilimsaidia kuwaambia watu wamsikilize upya, lakini heshima yenyewe aliipata aliporudi nyumbani kwenye nyimbo zake akiwa na kile alichojifunza.

Sasa nivuke ziwa. Kutoka Chienge, Pweto ya Kongo ni jirani, na kusini-magharibi zaidi, ndani ya Katanga, iko Bunkeya, mji wa Msiri, mtawala wa Bayeke waliotoka Unyamwezi katika karne ya 19. Kwa Bayeke ndiko alikotoka Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, na sahani za santuri za kampuni ya Gallotone zikasambaza wimbo wake Masanga mbali sana. Wakati huo samaki wa Mweru na Luapula walikuwa wanapelekwa Katanga kuwalisha wafanyakazi wa migodi, na vijana wa Luapula walikwenda hukohuko kutafuta kazi. Samaki walikwenda na nyimbo zikarudi. Bayama aliyajua mapigo ya Masanga kabla ya kujua kusoma.

Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinasema jambo jingine kwenye nyuzi nyembamba, na asiyejua huapa kwamba wanapiga watu wawili. Msomaji atakuwa ameona kwamba nimekwisha kuueleza mkono wa namna hii hapo juu nilipozungumzia Neon. Sidai kwamba Mayer alijifunza kwa Mwenda. Nasema tu kwamba kama tunauheshimu ufundi wa vidole viwili pale Likasi, hatuna sababu ya kuudharau Connecticut.

Jambo linaloiangusha hoja yangu ya ule usiku ni hili. Mwenda tunayemwita leo hazina ya Afrika, katika siku zake alikuwa nyota wa pop. Sahani zake zilinunuliwa ili watu wacheze na kufurahi. Alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi cha redio, na akaimba matangazo ya vidonge vya Aspro. Naam, vidonge vya kutuliza kichwa. Mkono uleule uliopiga Masanga uliwahimiza watu wa Afrika Mashariki wanunue dawa dukani. Kizuri hakikujiuza peke yake. Kilitembezwa redioni, kikalipwa.

Je, matangazo hayo yaliuharibu mkono wake? Wapiga gitaa wa Kenya waliomsikia miaka hiyo hawakuona hivyo, kwani walikaa chini na kujaribu kumwiga, na alama za vidole vyake zimebaki katika gitaa kavu la Kenya. Wanazuoni nao hawakuona hivyo. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi mrefu wa upigaji wake, akiandika noti kwa noti. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye tamasha la Newport huko Marekani. Heshima hizi zote zilikuja baada ya Aspro, na hakuna aliyemtaka kwanza atubu dhambi ya kupendwa.

Huenda mtu akasema kwamba Katanga si Mississippi, na kwamba bluzi ina masharti yake. Basi tuende Mississippi. Mwaka 1941 kituo cha redio cha KFFA katika mji wa Helena, Arkansas, ng'ambo tu ya mto Mississippi, kilianza kipindi cha King Biscuit Time. Ndani yake Sonny Boy Williamson alipuliza kinanda cha mdomo ili kuuza unga wa ngano. Mwishoni mwa miaka ya 1940 B.B. King mwenyewe, katika kituo cha WDIA mjini Memphis, aliimba tangazo la dawa ya maji iitwayo Pepticon. Yaani mzee aliyemkaribisha Mayer kwenye albamu yake alianza safari ya jina lake kama Mwenda alivyofanya Nairobi, kwa kuuza dawa. Wazee wa bluzi hawakuwa watawa waliojitenga na soko. Walikuwa wanamuziki wenye njaa waliotaka wasikilizwe na watu wengi iwezekanavyo. Ukuta kati ya bluzi safi na pop chafu ulijengwa baadaye, kwa sehemu kubwa na wakusanyaji na wahakiki ambao hawakuwa na shida ya kuuza unga.

Hapa sitaki kuvuka mpaka nikadai kwamba umaarufu hauna madhara. Unayo. Nyota akipanda jukwaani hushangiliwa kabla hajagusa uzi. Mpiga gitaa wa kilabu cha pombe pale Kashikishi akipiga vibaya, watu hurudi kwenye vikombe vyao, naye hujua papo hapo. Nyota hana kioo hicho. Katika Your Body Is a Wonderland gitaa linasindikiza tu, halina haja ya kusema lolote, maana sura na maneno vimekwisha kumaliza kazi. Kwa hiyo hatari ya pop ni kupata makofi kabla ya kazi. Mwenda hakuishi kwa gitaa peke yake. Alifanya pia kazi za ofisini. Mayer alijiepusha na hatari hiyo kwa njia nyingine, pale alipokwenda kukaa na watu wanaomzidi. Steve Jordan na Pino Palladino hawakuwa wanamuziki wa kumsindikiza kijana mzuri. Karibu nao, noti ya uvivu inasikika mara moja.

Sasa nifike kwenye zile namna mbili za heshima. Ya kwanza naiita heshima ya mkono. Hii hutolewa kwa kazi, na haiulizi umetoka wapi wala nani anakupenda. Wanaoitoa ni wapiga gitaa wenzako, pale wanapokukaribisha upige nao au wanapojifungia chumbani kujaribu kukuiga. Mayer ameipata. B.B. King alimkaribisha; vijana duniani kote wanaumiza vidole vyao kwa Neon. Anayeikataa heshima hii kwa sababu ya nyimbo za mapenzi anafanya nilivyofanya mimi, anahukumu kwa macho.

Ya pili ni heshima ya mwenyeji. Hii inahusu bluzi kama historia ya watu, mbali na ufundi wa gitaa. Hapa Mayer ni mgeni, na hakuna kipaji kinachoweza kulibadilisha hilo. Mwaka 2010, katika mahojiano na jarida la Playboy, akizungumzia kukubalika kwake na watu weusi, alitumia neno linalowadhalilisha. Aliomba radhi hadharani, tena akiwa na machozi jukwaani. Kosa hilo halikumwondolea vidole vyake. Lakini lilionyesha tofauti ninayoisema, kwamba mtu anaweza kuumudu muziki wa watu na bado akakosea namna ya kukaa nao. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe Mayer amelishika, amelima, na mazao yake yanaonekana. Hata hivyo kulima vizuri hakumfanyi mgeni kuwa mwenye shamba. Kunamfanya mgeni mwema, na hilo si jambo dogo.

Mwenda hakuhitaji kuitafuta heshima hii ya pili, kwa kuwa alipiga muziki wa watu wake kwa lugha za watu wake. Ndiyo sababu Aspro haikumdhuru. Kwa hiyo ninapowalinganisha sisemi kwamba wako sawa. Nasema kwamba kesi ya Mayer ni ngumu kwa sababu ya historia ya Marekani, na kwamba neno "pop" tunalitumia kama fimbo rahisi ili tusiguse swali lile gumu.

Kabla ya kurudi chuoni nilirudi kwa bayama na simu yangu. Sikutaja jina la mtu. Nilianza na Masanga, na gumba lake likaanza kutembea juu ya goti kabla sauti haijaingia. Kisha nikapiga ule wimbo wa haraka wa kundi la watatu. Alisikiliza, akasema, "Huyu ana haraka ya kutuonyesha anachojua." Mwisho nikapiga Gravity. Alinyamaza muda mrefu. "Huyu anajua kungoja," akasema. Nikamwambia kwamba hao wawili wa mwisho ni mtu mmoja, yuleyule wa binamu. Bayama akacheka. "Basi yule wa pili amfundishe yule wa kwanza."

Najua masikio ya mzee mmoja wa Chienge si mahakama. Lakini alifanya jambo ambalo mimi, mwanafunzi, nilikuwa nimelishindwa. Alisikiliza kwanza, akauliza jina baadaye, na hukumu yake ilikuwa kali kuliko yangu na ya haki kuliko yangu.

Nina sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili, na wasomaji wa mkusanyo huu wataielewa. Mwenda aliimba Masanga kwa Kiswahili cha Katanga, kile kinachosema batu badala ya watu. Ndicho Kiswahili nilichokisikia kwanza, kwa wafanyabiashara wa samaki waliovuka kutoka Pweto, kabla sijafika darasani. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba nyimbo za lugha hiyo zinafaa kuchezwa tu, hazifai kuhakikiwa, maana ni Kiswahili cha sokoni. Nilinyamaza kwa aibu. Sasa naona kwamba alikuwa ananifanyia mimi nilichomfanyia Mayer. Alitazama nilikotoka na nani anaizungumza lugha yangu, akafunga hesabu kabla ya kusikia nimesema nini. Kiswahili sanifu nimekuja kujifunza kama mgeni, na jembe nimelishika. Ninachoomba ni kile bayama alichompa yule kijana wa Marekani, nisikilizwe kwanza hadi mwisho wa wimbo.